Nauli ya Katoro

28 Oktoba

Gari linapokula umeme mimi sina kazi, kwa hiyo nimenunua daftari. Wenzangu wanaingia sheli, wanajaza, wanatoka. Mimi nakaa uani kwa Mzee Athanas, waya umechomekwa ukutani, natazama bata wake wakigombania pumba.

Mzee Athanas ni mnunuzi wa dhahabu. Gari hili alilichukua Dar es Salaam kwa bei ya kutupa, kwa sababu ni la umeme mtupu na hakuna aliyelitaka. Kwanza aliwaita madereva wa stendi wakalijaribu, wakacheka mpaka wakashika viuno. Ndipo akanikumbuka mimi, Zipora, muuza chai mwenye leseni.

"Wewe Mama Noela huna cha kupoteza," aliniambia.

Ni kweli. Noela yuko bweni. Baba yake alifukiwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Nyarugusu, hata mwili hatukuuona.

Njia yangu ni Geita kwenda Katoro na kurudi, sawa na michomoko mingine, haya magari madogo ambayo kiwandani yaliwekewa viti vya watu watano na sisi tunapakia nane. Kila jioni nampelekea bosi hesabu yake. Kinachobaki ni changu.

30 Oktoba

Madereva wa stendi wamenipa jina. Redio. Kwa sababu ya betri.

2 Novemba

Aliyenifundisha kuendesha ni Jilala, dereva wa mchomoko, kwa gari lake mwenyewe, kila Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Nilikuwa nikiingiza gia anafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Hakuwahi kunigombeza.

Leo huyo huyo alimwinamia mama mmoja aliyekwisha kukaa kwenye gari langu na kuku wake wawili. "Mayu, mvua ikinyesha hilo linapiga shoti. Utashuka umekaangwa, wewe na kuku."

Mama akashuka. Stendi nzima ikacheka. Nilimtazama Jilala, akanikonyeza. "Utani, Mama Noela. Stendi ni stendi."

6 Novemba

Mvua ya kwanza. Niliondoka na abiria wawili, mmoja mlevi. Tulifika Katoro wazima na wakavu. Mlevi alisikitika.

11 Novemba

Sasa nimelijua gari. Umeme wa kwenda na kurudi Katoro unanigharimu kama sahani mbili za wali maharage. Jilala kwa safari hiyo hiyo anaunguza mafuta ya kulisha watoto wake siku tatu. Halibadilishwi oili. Halina plagi, halina klachi, halina mkanda wa kukatika njiani. Ukiinua mguu linajipunguza mwendo lenyewe, na ule mwendo linaurudisha kwenye betri, kwa hiyo hata breki hazichakai upesi. Kwenye foleni halitetemi. Kwenye kilima halilii.

Marwa, fundi wa stendi, alifungua boneti leo akatafuta kitu cha kuharibika. Alizunguka huku na huku na spana mkononi, kisha akafunga.

"Hili gari linatukana watu," alisema.

19 Novemba

Asubuhi gari lilikataa kuchaji. Fundi umeme akamulika tundu la waya akakuta ukoko mweupe. Alichukua kidogo kwa kidole, akalamba. Chumvi. Mtu alimimina maji ya chumvi jana wakati gari liko stendi na mimi nimekwenda kula.

Aliyepaki ubavuni mwangu jana ni Jilala. Nilipomwuliza aliinamisha kichwa akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Basi nimejua.

21 Novemba

Siku ya tatu gari limelala. Mzee Athanas anasema, "Gari likilala, hesabu hailali."

24 Novemba

Gari limetengenezwa, nami nimefanya ujinga. Mzee Athanas aliniuliza kwa upole, akinimiminia soda, eti mimi hubakiwa na nini jioni. Nami nilikuwa na hamu ya kusifiwa. Nikamwambia yote: umeme kiasi gani, safari ngapi, kinachobaki kiasi gani. Alitikisa kichwa kwa furaha. "Hongera sana, Mama Noela. Una akili kuliko wanaume wote wa stendi."

Kisha akapandisha hesabu.

3 Desemba

Leo aliniita tena. Alikuwa anapima dhahabu, hakuondoa macho kwenye mizani.

"Jilala akishusha nauli nusu, atafika Katoro?"

"Hafiki. Mafuta yatamla."

"Na wewe?"

Nilitazama mizani. Alijua nimejua.

"Shusha nauli," alisema. "Kesho. Nusu."

"Mzee, wale wana familia."

"Nani asiye na familia?" Akapuliza vumbi kwenye mizani. "Wewe walikuonea huruma walipokumwagia chumvi?"

Hakunilazimisha zaidi ya hapo. Nataka nikumbuke hilo. Alisema sentensi moja tu, nami nikaitika.

4 Desemba

Abiria wamejaa kabla sijazima taa. Wale wale walioogopa kukaangwa walikuwa wanavutana mashati. Yule mama wa kuku alikaa mbele, akasema gari hili halimtii kichefuchefu kwa sababu halinuki petroli.

Jilala alisimama kando ya gari lake milango yote ikiwa wazi, kama mtu aliyeandaa chakula cha wageni na wageni hawakuja. Nilipita karibu yake polepole. Ningeweza kupita haraka.

7 Desemba

Safari sita. Michomoko mingine moja moja.

12 Desemba

Suzana, Mama Mbuke, amekuja nyumbani. Ni mke wa Jilala na rafiki yangu. Mume wangu alipofukiwa, Suzana ndiye aliyelala kwangu na kunilisha uji. Leo alikaa kwenye kigoda akakataa chai.

"Mama Noela, pandisha kidogo tu. Hata usiifikishe ya zamani. Angalau tugawane hao abiria."

"Nauli ni ya bosi, Mama Mbuke."

"Mwambie bosi."

"Mwambie mumeo akoroge chumvi anywe."

Alinitazama. "Chumvi gani?"

Nilicheka. Niliona anajifanya hajui. Alisimama akajifunga khanga vizuri, akaondoka bila kuaga, na mvua ilikuwa inaanza. Sikumpa mwavuli. Mwavuli ulikuwa mlangoni.

25 Desemba

Nimekula kuku. Noela amefurahia gari, amezungushwa mjini mara mbili. Jilala na familia yake hawakuonekana kanisani.

9 Januari

Bosi amepandisha hesabu tena. Nauli ni nusu, hesabu ni juu, kwa hiyo nafidia kwa safari. Natoka alfajiri, narudi usiku, na gari likichaji mchana nalala juu ya usukani. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nabakiwa na fedha. Sasa nabakiwa na mgongo.

Lakini nikiona michomoko imepanga mstari mrefu bila abiria, uchovu unapungua. Ninaandika ukweli.

17 Januari

Madereva wawili wamehama stendi. Mmoja amekwenda Chato kuuza samaki.

Nilikuwa nanunua maandazi nikamsikia Marwa anamwambia Jilala, "Breki zimekwisha kabisa. Sasa ni chuma kinasaga chuma. Ukibeba watu hivi utaua."

Jilala alisema, "Nikipata abiria nitanunua breki."

"Na bila breki utawapeleka wapi hao abiria?"

Wote wawili wakacheka, cheko la watu wenye njaa. Mimi nilimaliza andazi langu, abiria wakajaa, nikaondoka.

2 Februari

Nitaandika usiku huu huu, kwa sababu nisipoandika leo kesho nitajipamba.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa narudi kutoka Katoro na watu saba. Jilala alinipita kwa kasi kwenye tambarare, akipiga honi, ana abiria wawili tu. Alitaka awahi kituo kilichofuata kabla yangu azoe waliosimama pale. Nilimwona anakamata usukani kwa mikono miwili, uso umekaribia kioo. Abiria wangu mmoja akasema, "Mwache huyo afe na petroli yake." Wakacheka. Nami nilicheka.

Baada ya tambarare kuna mteremko, na chini ya mteremko lilikuwa limeharibika lori la mawe ya dhahabu, limewekewa matawi nyuma kama alama. Sikuona alivyoligonga. Nilifika nikakuta gari lake jekundu limeingia chini ya lori mpaka kwenye viti vya mbele. Abiria wake wawili walikuwa wamekaa kwenye matope, mmoja anashika mdomo, damu inapita kwenye vidole. Jilala alikuwa bado ndani.

Wanaume wa lori walimtoa kwa mtalimbo. Mguu wa kulia, toka gotini kwenda chini, sitauandika.

Nilimpigia simu Mzee Athanas. Sijui kwa nini nilipiga, labda nilitaka mtu aniamuru jambo jema.

"Kuna gari la wagonjwa," alisema.

"Limekwenda Chato, Mzee. Wamesema tusubiri."

"Basi subirini. Mama Noela, viti vile ni vya kitambaa."

Nilikata simu. Niliwaambia abiria wangu washuke. Walishuka wanalalamika, mmoja alidai nauli yake nikamrudishia mvua inamnyeshea. Tukamlaza Jilala kiti cha nyuma, abiria wake wawili tukawabana mbele.

Betri ilikuwa imebaki kidogo. Nilizima feni, nikazima kila kitu kinachokula umeme isipokuwa taa na waipa. Vioo vikajaa ukungu, nikawa nafuta kwa kiganja. Nilikwenda kwa mwendo ule ule mmoja, sikukanyaga kwa pupa, kwa sababu nikikanyaga kwa pupa tungezimikia njiani. Yeye alikuwa anauma kola ya shati lake. Kisha aliiachia akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Halitikisiki. Kweli ni gari."

Nami nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza nimwulize kuhusu chumvi. Mguu wake unaning'inia, damu inaingia kwenye zulia, na mimi nawaza kwamba sasa hataweza kunidanganya.

Sikumwuliza. Tulifika hospitali taa nyekundu ya betri imewaka. Walipomtelemsha alisema "Wabeja," asante, wala sidhani alijua anamwambia nani.

5 Februari

Wameukata mguu juu ya goti.

Mzee Athanas amenikata gharama ya kuosha viti.

Marwa alinifuata nilipokuwa nafuta gari. Alisimama mbali kidogo, kama mbwa aliyewahi kupigwa.

"Mama Noela. Ile chumvi ilikuwa mimi."

Niliendelea kufuta.

"Magari yote yakiwa kama hili nitatengeneza nini? Nilimwambia Jilala anisaidie kuangalia kama unakuja. Akanikatalia. Alisema, huyo ni mwanafunzi wangu."

"Mbona hakuniambia?"

"Angenitaja? Mimi ndiye ninayemtengenezea gari."

Nilimtazama nikatafuta hasira, sikuipata. Niliona mtu mwembamba mwenye spana isiyo na kazi. "Ondoka," nilimwambia. Akaondoka.

6 Februari

Nilikwenda hospitali na uji. Suzana alikuwa mlangoni mwa wodi. Hakunipigia kelele. Alichukua chupa ya uji, akaifungua, akaumimina wote kwenye karai la kunawia mikono. Akanirudishia chupa.

20 Februari

Magari manne mapya yamefika uani, yote ya umeme. Bata wamehamishwa. Mzee Athanas ananiita "mwalimu." Ninawafundisha mpwa wake Ndaki na vijana wengine watatu. Ndaki hajawahi kuendesha hata baiskeli vizuri. Kwa siku tatu amejua. Hakuna gia za kumsumbua: kanyaga, achia, shika usukani.

Niliwaeleza kila kitu. Jinsi ya kulinda betri isipate joto, jinsi ya kupanda kilima bila kupoteza umeme, wachaji saa ngapi. Ndaki alikuwa anapiga miayo.

8 Machi

Redioni leo wanatusifu wanawake.

Bosi alinipokea kwa soda, nikajua. Ndaki ndiye atakayechukua gari langu.

"Nimekosa nini, Mzee?"

"Hujakosa. Umefanya kazi nzuri mno."

"Nani mwingine ana uzoefu wangu? Mimi ndiye niliyelijua gari hili wakati nyote mnacheka."

"Mama Noela." Aliniwekea mkono begani. Alikuwa na uso wa huruma, na nadhani huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. "Gari hili halihitaji dereva hodari. Hilo ndilo zuri lake. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenionyesha."

Nilimaliza soda. Sikutaka nimwachie hata soda.

15 Machi

Nimerudi kwenye chai. Stendi haina michomoko ya petroli tena ila miwili mibovu. Leo Ndaki ametangaza nauli mpya. Imepita hata ile ya zamani. Watu wamepiga kelele, kisha wamelipa. Yule mama wa kuku ilimpungukia, akaachwa na kuku wake pembeni ya barabara. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye magari. Nilimpa chai. Aliimwaga.

30 Machi

Nimekwenda kwa Jilala. Nilikuwa nimezunguka mara nyingi mtaani kwao na kurudi. Leo niliingia.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, magongo yameegemea ukuta. Madereva watatu wa zamani walikuwapo, na Suzana anachambua mchele. Hakuna aliyenikaribisha. Nilikaa chini, kwenye udongo.

"Jilala, nilidhani ni wewe uliyemwaga chumvi."

Alifikiri kidogo. "Na ningekuwa mimi? Ningestahili mguu?"

Hakungoja jibu. Basi nikasema nililojia. Niliwaambia gari moja la umeme linaingiza nini kweli, si kile Mzee Athanas anachosema. Niliwaambia wauze yale magari yao yaliyobaki, hata kama vyuma chakavu, na gari lililogongwa wauze injini, wachange wanunue moja la umeme. Mwanza kuna mtu anauza lake. Niliwaeleza betri inapimwaje ili wasiuziwe jeneza. Mzee Athanas amepandisha nauli, kwa hiyo ameacha mlango wazi: wakitoza ile nauli ya zamani watajaza, na bado watakula vizuri. Na safari hii hawezi kuwaua kwa kushusha, kwa sababu nao hawatakuwa wanakunywa petroli.

Nilisema muda mrefu. Waliuliza maswali, nikajibu. Mmoja akaanza kutabasamu. Nami moyoni nikaanza kujiona nimekaa kwenye usukani tena.

Jilala alisubiri mpaka nikamaliza.

"Tutanunua," alisema. "Lakini dereva hutakuwa wewe."

Mchele uliacha kuchambuliwa kwenye ungo.

"Atakuwa nani?"

"Mama Mbuke. Mimi sina mguu wa kukanyagia. Yeye anayo yote miwili. Wewe utamfundisha."

Nilimtazama Suzana. Alirudi kwenye mchele wake.

"Na kwenye hilo gari, mimi nina fungu?"

"Huna," alisema mmoja wa madereva, kwa adabu kabisa.

Ningeweza kusimama. Wao hawajui kuchaji, hawajui lolote, wangeungua na gari lao. Nilisema, "Sawa. Leseni ya mwanafunzi ya Mama Mbuke ishughulikiwe kesho."

18 Aprili

Gari limefika kutoka Mwanza. Betri ni nzima, niliipima mwenyewe. Marwa alikuja kuligusa. Wamemwajiri kwa matairi na kuosha.

22 Aprili

Somo la kwanza, uwanja wa mnada. Suzana haongei nami ila maneno ya gari. "Hapa?" "Ndiyo." "Nikanyage?" "Polepole." Nilimsalimia asubuhi, hakuitika. Nilimwonyesha vioo, akaitika.

29 Aprili

Ana mkono mzuri. Ni mwoga kidogo kwenye matope, na hilo ni jema.

4 Mei

Leo alinyoosha mkono kuzima feni, mkono wake ukagusa wangu. Aliufuta kwenye khanga.

12 Mei

Mvua zimekwisha, barabara imeanza kutoa vumbi. Suzana ana leseni tangu juzi, na leo tulikwenda mpaka Katoro na kurudi bila abiria, mimi kando yake. Hakukosea mahali. Kwenye mteremko wa lori aliinua mguu mapema, gari likapungua lenyewe, akanyoosha shingo akapita.

Tulipokaribia mjini, maghala ya pamba yanaonekana mbele, alisimamisha gari pembeni. Aliuliza akitazama barabara:

"Kuna kingine hujanifundisha?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, kwa sababu nilitaka kiwepo.

"Hakuna, Mama Mbuke. Nimemaliza."

"Basi shuka."

Nilidhani anatania. Kutoka pale mpaka kwangu ni mwendo, na jua lilikuwa la saa sita. Alingoja, mikono yote miwili juu ya usukani, kwa subira, kama ninavyowaambia wanafunzi wamngojee abiria mzee ashuke.

Nilishuka. Nilifunga mlango vizuri ili asilazimike kuinama kuufunga tena. Alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akawasha taa ya kuingia barabarani, akaondoka.

Kesho anaanza kupakia abiria. Mimi nimeloweka maharage ya asubuhi, maana wasafiri wa kwanza wa Katoro hutaka chai kabla hakujapambazuka.